Tembe Moja, Miili Miwili
Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba vidole vya mkono havilingani. Msemo huu tumeuandika katika insha mara nyingi hata umechakaa, na kwa kawaida huwa tunamaanisha tabia: huyu ni mkarimu na yule ni bahili, huyu ni hodari na yule ni goigoi. Leo nataka kuutumia kwa jambo ambalo huenda wahenga hawakuwa nalo akilini. Hata maini yetu hayalingani. Na tofauti hiyo tumeirithi kutoka kwa wazazi wetu, jinsi tulivyorithi pua na masikio.

Msomaji mpendwa, usifungue ukurasa mwingine ati kwa sababu umeona ni mambo ya sayansi. Najua kuna wale wanaosema jarida la Chama cha Kiswahili ni la mashairi na vitendawili tu. Mimi naona kama hatuwezi kulieleza somo la Bayolojia kwa Kiswahili mpaka nyanya zetu walielewe, basi Kiswahili chetu ni cha kupitia mtihani. Somo la urithi lenyewe tutalifikia Kidato cha Nne, kwa hivyo wenzangu wa Kidato cha Tatu nitawaeleza pole pole. Mwalimu wetu wa Bayolojia ameisoma rasimu hii kabla haijafika kwa mhariri, kwa hivyo msiwe na shaka.

Tuanze na tembe yenyewe. Ukiimeza, haikai mwilini milele. Huyeyuka tumboni, hupita kwenye kuta za utumbo, huingia katika damu, na damu huipeleka kila mahali: kwenye pafu lenye ugonjwa na vile vile kwenye kidole cha mguu ambacho hakina shida yoyote. Damu hiyo hiyo hupita katika ini. Sasa, ini halijui kwamba tembe hii imeletwa kwa nia njema. Kwake ni kitu kigeni, na kazi yake ni kukivunjavunja ama kukibadilisha ili figo zikitoe kwa njia ya mkojo. Kazi hii hufanywa na protini ziitwazo vimeng'enya. Neno hili limetokana na kumeng'enya, yaani kukisaga chakula tumboni mpaka kilainike, lakini vimeng'enya haviko tumboni peke yake. Ini limejaa vya aina aina, na kila kimoja kina kazi yake.

Hebu fikiria visiagi viwili katika soko moja. Kila asubuhi kila kisiagi huletewa debe moja la mahindi. Cha kwanza kina injini yenye nguvu, na kufikia saa nne debe limekwisha. Cha pili kinajikokota. Jioni ikifika nusu debe ingali sakafuni. Kesho yake debe lingine linaletwa, na kesho kutwa lingine. Baada ya juma moja kisiagi cha kwanza sakafu yake ni safi, cha pili mahindi yamerundikana hata mlango haufunguki vizuri. Na tafadhali mtambue kwamba hakuna kisiagi kilichoharibika hapa. Vyote vinasaga. Tofauti ni mwendo.

Daktari ndiye mwenye kuleta debe. Naye hulipima kwa kuangalia uzito wa mgonjwa, umri wake na ugonjwa wake. Injini iliyo ndani haioni kwa macho.

Dawa iliyowafunza wanasayansi jambo hili ni ile ambayo wengi wetu tumeiona nyumbani kwetu au kwa jirani. Inaitwa isoniazidi, nayo ni moja kati ya dawa nne anazoanza nazo mgonjwa wa kifua kikuu. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mjini Prague mwaka wa 1912 na wanakemia wawili, Hans Meyer na Josef Mally, ambao hawakuwa na habari kwamba yaweza kumtibu mtu. Ikalala karibu miaka 40. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali ya Sea View kule New York, watu ambao walikuwa wamekatiwa tamaa. Baada ya majuma machache wagonjwa hao walikuwa wakila kwa pupa na kucheza densi wodini, na picha zao zikatokea magazetini.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna sehemu yetu katika historia ya dawa hii, na nashangaa kwamba jambo lenyewe halimo vitabuni mwetu. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi walichoka njiani. Watafiti wa Afrika ya Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walijaribu kuufupisha muda huo kwa wagonjwa wa hapa. Mwaka wa 1972 wakatangaza kwamba miezi 6 yaweza kutosha, mradi isoniazidi iandamane na dawa nyingine kali kama rifampisini. Kwa hivyo ile miezi 6 ambayo wagonjwa wa mataifa mengi wamehesabu tangu hapo, ushahidi wake ulianzia katika miili ya watu wa huku.

Turudi kwenye maini. Katika miaka ya hamsini madaktari waliona ajabu. Wagonjwa wawili wanapewa kiasi kile kile cha isoniazidi. Ukipima mkojo wa wa kwanza, unakuta dawa karibu yote imekwisha kubadilishwa na ini. Ukipima wa wa pili, nyingi ingali vile ilivyomezwa. Tena wale ambao dawa ilikawia ndani yao ndio waliolalamika zaidi kwamba mikono na miguu inakufa ganzi.

Mwaka wa 1960 David Price Evans na wenzake Manley na McKusick walichapisha utafiti uliomaliza ubishi. Waliwapa isoniazidi watu wa familia nzima nzima, wazazi na watoto, kisha wakapima damu yao baada ya muda wa saa 6. Ungetarajia matokeo yapangike kama urefu wa wanafunzi gwarideni, kutoka kwa mfupi kabisa hadi kwa mrefu kabisa bila kukatika. La hasha! Watu waligawanyika makundi mawili, na katikati kukawa na bonde. Kundi moja lilikuwa limeivunja dawa haraka, kundi la pili polepole. Na mgawanyiko huo ulifuata ukoo, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, kwa kanuni zile zile ambazo Mendel alizipata kwa mbegu za njegere.

Jeni inayohusika siku hizi inajulikana kwa jina la NAT2, na iko kwenye kromosomu ya 8. Jeni ni maagizo ya kutengeneza protini; hii ni maagizo ya kutengeneza kile kimeng'enya cha ini. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za maagizo hayo, moja ya baba na moja ya mama. Tuiite nakala ya haraka H na ya polepole p. Mwenye HH huvunja dawa haraka. Mwenye Hp bado hujikimu kwa sababu ana nakala moja nzuri, ingawa wataalamu wa siku hizi humweka kundi lake la katikati. Mwenye pp ndiye wa polepole. Sasa baba akiwa Hp na mama akiwa Hp, chora kile kisanduku cha vyumba vinne: utapata HH, Hp, Hp na pp. Yaani wazazi wawili wasio na shida yoyote wanaweza kumzaa mtoto wa polepole, na kila mimba ina nafasi moja katika nne. Ndugu wa tumbo moja, waliokula muthokoi wa chungu kimoja, wakatofautiana.

Katika mwili wa haraka, nusu ya isoniazidi iliyo katika damu huisha kwa muda wa kama saa moja au moja na nusu. Katika mwili wa polepole huchukua muda wa saa 3 au 4 hivi, pengine na zaidi. Nayo isoniazidi ina tabia mbaya moja: hushikana na vitamini B6 na kuipunguza mwilini. Neva zetu, zile nyaya zinazopeleka habari kutoka kwenye vidole hadi kwenye ubongo, huihitaji sana vitamini hiyo. Ikipungua, nyaya ndefu kuliko zote ndizo huumia kwanza. Nyaya ndefu kuliko zote ni zile za miguu.

Na hapa nitawaeleza yale ya kwetu nyumbani.

Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Susu, aliugua kifua kikuu mwaka juzi. Alipopimwa alikuwa na kilo 46. Akapewa tembe 3 kubwa za kumeza kila asubuhi pamoja na tembe nyingine moja ndogo. (Kwa wasiojua, dawa hizo hugeuza mkojo ukawa wa rangi ya machungwa. Susu alitutisha sote siku ya kwanza.) Mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia anameza na kutia alama kwenye kadi kabla ya kuja shuleni. Kikohozi kikapungua, akaanza kula, akarudi hata kupalilia maharagwe.

Mwezi wa tatu akaanza kulalamika miguu. Mwanzoni ilikuwa kama mchwa wanatembea ndani ya nyayo. Baadaye ikawa kama amekanyaga makaa. Usiku alikuwa akitoa miguu nje ya blanketi, na baridi ya Julai huku kwetu milimani si mchezo.

Ushauri ukamiminika. Jirani mmoja alisema ni baridi imeingia mifupani, akandwe kwa mafuta. Wa pili alimwambia kwa sauti ya chini ajiulize amekosana na nani. Si mnajua sisi watu wa Ukambani tunavyosifiwa kwa mambo hayo nchi nzima, hata na watu ambao hawajawahi kuona kitu! Lakini aliyenitia wasiwasi zaidi ni wa tatu, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kutibiwa kifua kikuu akapona. "Mama, mimi nilizimeza zote, miezi sita, sikusikia hata mwasho," alisema. "Hiyo ni hofu yako tu."

Alipoondoka, Susu alininong'oneza, "Mjukuu wangu, kifua kimepona. Hizi dawa sasa zinanimaliza miguu. Mbona nisiache?"

Swali la Susu halikuwa la kijinga. Kikohozi kilikuwa kimekwisha kweli. Tatizo ni kwamba vijidudu vya kifua kikuu havifi vyote pamoja. Vile vigumu hubaki vimejificha, na mtu akiacha dawa katikati huweza kurudi na nguvu ya kuzishinda dawa za kwanza. Kifua kikuu sugu ni taabu nyingine kabisa, dawa zake ni kali zaidi, na mgonjwa huweza kuwaambukiza jamaa zake ugonjwa ule ule sugu. Nyumbani kwetu tunalala watu 7.

Nikamwambia twende kliniki kwanza, ndipo aamue. Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwomba afumbe macho, akamgusa nyayo kwa kipande cha pamba hapa na pale, huku akimuuliza kama anasikia. Kisha akauliza swali moja tu: "Nyanya, ile tembe ndogo unaimeza?"

Susu akacheka kidogo. Kumbe baada ya mimi kwenda shule alikuwa akiitema. Alikuwa ameambiwa ni vitamini, na kwake yeye vitamini ni vitu vya watoto. Alikuwa akiziweka katika mkebe wa majani chai, ampe binamu yangu mdogo ambaye hali vizuri. Mkebe tuliurudisha kwa Sista ukiwa na tembe zake zote. Zilikuwa ni piridoksini, jina lingine la vitamini B6, nazo hutolewa pamoja na isoniazidi kwa sababu hiyo moja tu ya kuzilinda neva.

Hakukaripiwa. Daktari alimwongezea kiasi cha B6, akamweleza kazi yake, na dawa za kifua kikuu zikaendelea vile vile. Moto wa nyayo haukwisha kwa siku moja. Ulichukua majuma mengi, na hata leo kidole kimoja humsumbua usiku. Lakini alimaliza miezi 6 na makohozi yake yakapimwa yakawa safi.

Nilipomuuliza Sista kwa nini yule jirani hakuona chochote, alinijibu hivi: "Watu si sawa ndani. Wengine dawa hii hukaa kwao muda mrefu. Hapa hatupimi nani ni nani, tunampa kila mtu B6 na tunamuuliza miguu." Jibu hilo ndilo lililonituma kwenye maktaba, na ndilo chanzo cha makala haya.

Sitasema Susu ni pp. Hakuna aliyempima jeni. Uzee wenyewe, lishe duni, kisukari, pombe, mimba na virusi vya Ukimwi pia huongeza hatari ya ganzi hiyo. Ninachosema ni kwamba jirani yake hakuwa na haki ya kuutumia mwili wake kupima wa Susu. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Tena napenda ule ujanja wa Sista. Kipimo cha jeni ni ghali na hakipatikani kila mahali, lakini tembe ya B6 ni rahisi. Badala ya kutafuta nani yuko hatarini, wote wanakingwa. Kinga hiyo hukatika mahali pamoja tu, pale ambapo mgonjwa hajaelezwa tembe ndogo ni ya nini.

Huenda sasa mtu akauliza: Je, sisi Wakamba tuko kundi gani? Nimeulizwa swali hili darasani tayari, na naona ni swali la kutega. Ni kweli kwamba makundi haya hayalingani duniani. Kwa Wajapani walio polepole ni kama mtu 1 katika 10. Kwa Wamisri ni zaidi ya 8 katika 10. Kwa Wazungu na kwa watu wengi wa Afrika, pamoja na huku kwetu, ni kama nusu, wakati mwingine nusu na zaidi kidogo. Lakini iangalie hiyo nusu. Tukichukua darasa letu lenye wanafunzi 48, huenda 24 wakawa polepole na 24 haraka, na hakuna mwalimu atakayewatenganisha kwa majina yao, rangi yao au lugha ya mama. Kabila halikupi jibu. Anayesema "dawa hii haiwafai watu wa kabila fulani" anakisia tu, na katika kubahatisha huko nusu ya watu wake watapewa jibu lisilo lao.

Wa haraka nao wasijigambe. Huko Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, watafiti walijaribu kuwapa wagonjwa isoniazidi mara moja tu kwa juma. Waliovunja dawa haraka walipona kwa uchache kuliko wale wa polepole, maana dawa iliwaishia mapema na vijidudu vikapata nafasi ya kupumua. Dawa ikimezwa kila siku tofauti hiyo haina uzito katika kupona. Ndiyo maana kadi ya Susu ilikuwa na kisanduku cha kila siku.

Kuna dawa nyingine ambazo humezwa zikiwa zimelala, halafu ini ndilo huziamsha. Kodeini ni mojawapo. Hutumiwa kwa maumivu na katika dawa nyingine za kikohozi. Yenyewe haina nguvu nyingi. Ini huibadilisha sehemu yake ikawa mofini, na mofini ndiyo hutuliza. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hutokana na jeni iitwayo CYP2D6. Mtu ambaye jeni yake haifanyi kazi atameza kodeini na maumivu yasipungue, halafu aambiwe anajifanya. Mtu mwenye nakala za ziada za jeni hiyo atatengeneza mofini nyingi kwa ghafula, na mofini nyingi humfanya mtu asahau kupumua.

Watu wa namna hii ya pili si wageni kwetu. Mwaka wa 1996 Eleni Aklillu, mtafiti kutoka Ethiopia, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba katika kila Waethiopia 100 waliopimwa, 29 walikuwa na nakala za ziada za jeni hii. Jirani zetu wa mpakani kabisa! Huko Marekani, baada ya watoto kufariki walipopewa kodeini kufuatia upasuaji wa mafindofindo, serikali ilitoa onyo kali mwaka wa 2013, na mwaka wa 2017 ikasema dawa hiyo isipewe mtoto wa chini ya miaka 12.

Kuna utafiti mmoja wa huyo huyo Aklillu na wenzake ambao ulinifurahisha kuliko yote. Mwaka wa 2002 waliwalinganisha Waethiopia wanaoishi Ethiopia na Waethiopia wanaoishi Sweden. Jeni ni zile zile. Lakini wale waliokuwa nyumbani, vimeng'enya vyao vilifanya kazi polepole kuliko vya wenzao wa Sweden wenye jeni kama zao. Maana yake ni kwamba kuna kitu katika mazingira, labda chakula, kinachovuta breki. Kwa hivyo jeni ni injini, lakini hata injini nzuri hutegemea mafuta na barabara. Wanaopenda kusema kila kitu ni damu, wasome hapo mara mbili.

Mfano mwingine unagusa familia nyingi kimyakimya. Miongoni mwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kulikuwa na efavirenzi, iliyomezwa kila usiku kwa kiasi cha miligramu 600. Jeni yake inaitwa CYP2B6. Katika Afrika ya kusini mwa Sahara, kwa makadirio, mtu 1 katika 5 hivi ana nakala mbili za polepole, na kwake miligramu hizo 600 ni nyingi mno. Dalili zake si za mguuni bali za kichwani: kizunguzungu, ndoto za kutisha, kuona vitu visivyokuwapo, hata kukata tamaa ya maisha. Zimbabwe ilipoamua mwaka wa 2015 kuwapa wagonjwa wengi tembe yenye efavirenzi, malalamiko ya namna hii yalizuka. Mwanasayansi wa huko, Collen Masimirembwa, alikuwa ameshachunguza jeni hiyo kwa Wazimbabwe na kuonyesha kwamba baadhi yao wangetosheka na kiasi kidogo zaidi. Hapa Kenya dawa mpya ya dolutegraviri ilianza kutolewa mwaka wa 2017, na wengi wamehamishiwa kwayo. Lakini nafikiria wale waliomeza ile ya zamani miaka mingi na kuambiwa ndoto zao ni mawazo. Kiasi cha miligramu 600 hakikuwekwa kwa kupima watu wa vijijini kwetu.

Mambo ya malaria nitayataja kwa kifupi, maana hapo si ini bali ni damu yenyewe. Kuna watu waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika chembe nyekundu za damu, hasa wavulana, kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Urithi huo umeenea zaidi sehemu zilizozoea malaria, kama Pwani na kando ya Ziwa Victoria. Dawa fulani, kama vile primakwini na dapsoni, huzipasua chembe zao. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, yenye dapsoni ndani yake, ilianza kutumika Afrika mwaka wa 2003 kwa matumaini makubwa kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu. Mwaka wa 2008 ikaondolewa, baada ya kuonekana kwamba wenye upungufu huo walikuwa wakipungukiwa damu vibaya.

Sasa tuje darasani. Kila muhula naona jambo hili: mmoja anaumwa, mwenzake anafungua begi na kumpa tembe mbili zilizobaki nyumbani. "Hizi zilinisaidia sana." Nia ni njema. Lakini hakuna anayejua injini ya mwenzake, na mara nyingi pakiti yenyewe ilishatupwa, hata jina la dawa halijulikani. Mambo ya kupeana tembe yako nyumbani pia, na huko yana heshima zaidi, kwa kuwa anayekupa ni shangazi au mama mdogo na huwezi kukataa usoni pake. Unaweza kupokea kwa mikono miwili, ukashukuru, usimeze.

Na mtu akisema dawa inamsumbua, tusimwambie ni uoga. Aulizwe ni dawa gani, ameimeza siku ngapi, na ni sehemu gani inayouma. Asiiache peke yake na asipunguze tembe peke yake. Arudi kwa aliyempa. Kwa dawa za kifua kikuu hasa, ganzi ya miguu ni ya kusema ziara ijayo au kabla, lakini macho yakigeuka manjano hiyo ni siku hiyo hiyo, kwa sababu ini lenyewe ndilo linaloumia.

Kuna njia moja ya kuhifadhi habari hizi ambayo haihitaji mashine. Katika zahanati nyingi za huku mgonjwa huja na daftari lake mwenyewe, lile lile tunaloandikia hesabu, na daktari huandika humo. Kurasa za mbele hujaa, daftari hupotea, linanunuliwa jipya na habari za zamani zinakwenda na lile la kwanza. Mimi nimechukua jalada la ndani, kule nyuma, nikaandika kwa kalamu nyekundu majina ya watu wa nyumbani kwetu. Mbele ya kila jina kuna dawa iliyomsumbua, mwaka, na kilichotokea. Kwa Susu nimeandika: isoniazidi, moto wa nyayo, apewe B6 na aonekane anaimeza. Kwa baba nimeacha wazi, hajawahi kulalamika. Kwa binamu yangu mdogo pia nimeacha wazi, na nimemwachia mistari minne.